Picha ya Pili ya Mkono Wangu

Jumapili ile nilisimama mbele ya kanisa, nikainua picha ya eksirei kwenye dirisha la mashariki, pale ambapo jua la saa nne huingia vizuri, nikawaonyesha watu mifupa yangu. Vidole vitano, kiganja, na ile mifupa miwili mirefu ikishuka kuelekea kiwiko. Yote mizima. Nikasema, kwa sauti ambayo hata waliokaa nje kwenye hema waliisikia, kwamba shetani alitaka kunivunja lakini Mungu akakataa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akasema amina mara tatu. Kile kifungio cha mkono nilichopewa hospitalini nilikuwa nimekivua, kwa sababu nilionelea haiwezekani mtu aliyefungwa mkono atoe ushuhuda wa mkono mzima. Nilikiacha kwenye benchi pamoja na Biblia yangu.

Ninaandika haya nikiwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Nusu nyingine nitaigawa kadiri ninavyoendelea. Kuna walionisihi niyaache, ati yamepita na mkono umepona, ya nini kuyafukua. Sitaki kuyaacha. Nilifanya kosa mbele ya watu wengi, na ninataka watu wengi vile vile wajue lilivyokuwa.

Ninaishi Kapseret, ng'ambo ya uwanja wa ndege, na nina ng'ombe watatu wa maziwa ambao sijawahi kumwachia mtu. Ninawakamua kwa mkono, alfajiri na saa kumi na moja jioni. Maziwa ya asubuhi huenda kwa chama cha ushirika, na malipo yake huingia kwenye akaunti ya mume wangu. Maziwa ya jioni ni ya mama wa nyumba. Hakuna aliyeiandika sheria hii mahali popote, lakini kwetu mwanamume anayeuliza maziwa ya jioni yameingiza ngapi huchekwa hata na watoto wake. Yangu hununuliwa na mwenye hoteli ya chai pale barabarani, naye hunilipa papo hapo. Kwa maziwa ya jioni nimelipa karo, nimenunua tangi la maji, nimenunua hata vile viatu ambavyo mume wangu huvaa kwenda kanisani akijiona amependeza. Kwa hiyo ninapoutaja mkono wangu wa kulia, ninataja kila kitu ambacho sijawahi kumwomba mtu.

Nilianguka msimu wa mvua, nikirudi kutoka mjini kwa boda boda. Tulifika kwenye ile kona ya matope ambayo kila mwaka tunaahidiwa kokoto, pikipiki ikateleza, nami nikatanguliza kiganja kama mtu anayesukuma mlango. Mwenye pikipiki aliinuka akijipangusa. Mimi pia niliinuka, nikaokota vitu vyangu, nikadhani yameisha. Lakini nilipojaribu kushika mkoba, maumivu yalitoka chini ya kidole gumba yakapanda mpaka kwenye meno. Kikundi chetu cha akina mama hakikungoja niombe. Kufikia saa saba walikuwa wamechanga, wakaniletea bahasha, na mume wangu akanipeleka hospitali moja mjini.

Daktari aliyenipokea alikuwa msichana mdogo kwa macho yangu, mwenye sauti ya upole na vidole visivyo na upole wowote. Alinifinya kwenye kile kishimo kinachojitokeza chini ya kidole gumba ukikinyoosha. Nilimpigia kelele mpaka mtu akachungulia kutoka korido. Akanituma kwenye chumba cha picha. Niliporudi aliweka picha kwenye taa, akaiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, kwa picha ya leo sioni ufa," aliniambia. "Lakini hapa penye unaumwa kuna mfupa moja ndogo sana, na inajua kujificha. Ikipasuka, mara nyingi siku ya kwanza haionekani. Vaa hii kitu, usitoe. Usikamue. Halafu urudi baada ya wiki mbili, nikufinye tena, tupige ingine."

Akayaandika hayo kwa kalamu ya buluu nyuma ya bahasha ya picha. Niliitikia kwa kichwa. Nilimsikia vizuri, sitamsingizia. Ila nilichukua yale maneno ya kwanza, kwamba haoni ufa, nikayakumbatia, na yaliyobaki nikayaweka mahali ninapoweka maneno ya watu wanaotaka kuniuzia sufuria.

Lazima niseme kwa nini nyumbani kwetu picha ya pili ilikuwa inasikika kama tusi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliwahi kuanguka kutoka juu ya lori akipakia viazi huko Burnt Forest. Aligonga kichwa, akazimia kidogo. Akapigwa picha ya kichwa kwenye ile mashine kubwa ambayo mtu huingizwa ndani akiwa amelala, na ilikuwa haki apigwe. Ikatoka safi. Kesho yake, akiwa ameketi kitandani anakula na kulalamika kwamba mboga haina chumvi, akapelekwa tena. Siku ya tatu tena. Kila daktari aliyeingia zamu aliandika picha yake, na hakuna aliyetueleza anatafuta nini ndani ya kichwa cha mtu anayebishana na wauguzi kuhusu mpira. Picha zote zilifanana. Mume wangu aliuza mtamba wake, ng'ombe mchanga ambaye alikuwa karibu kupandishwa, ndipo shemeji akaruhusiwa kutoka. Kwa wiki kadhaa nilimkuta mume wangu amesimama kando ya zizi, akiangalia pale alipokuwa akimfunga.

Na sisi hatukuuliza. Hilo ndilo linaloniuma. Watu wazima wanne tulisimama kwenye korido, watu wanaojua kubishana na dalali wa ng'ombe mpaka atoke jasho, na hakuna aliyefungua mdomo kusema: daktari, hii ya leo ni ya nini? Tuliliogopa lile koti jeupe. Tulilipa kwanza, kisha tukanung'unika njia nzima ya kurudi nyumbani.

Basi picha yangu ya kwanza ilipotoka nzuri, nyumba yote ilishusha pumzi. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, aliibandika kwa utepe kwenye dirisha la sebuleni ili wageni wamwone mkaza mwana wake alivyonusurika. Jumapili ikafika, picha ikabanduliwa kwa muda, nikaenda nayo kanisani, na yaliyotokea nimeshayasimulia. Ila sijasema la mwisho. Baada ya vigelegele, nilichukua bahasha ya akina mama, iliyokuwa imebaki na pesa za kutosha picha ya pili na chai juu yake, nikaitia kwenye kapu la sadaka ya shukrani. Nilifanya hivyo polepole, ili watu waone.

Jumatatu nilirudi kukamua. Kifungio kilikuwa juu ya kabati. Anayekamua anajua kwamba kazi yote iko kwenye kidole gumba: unabana juu, kisha vidole vingine vinafuata kimoja kimoja. Nilikuwa nikibana mara tatu, ninapumzika, ninabana tena, machozi yananitoka huku nikimwimbia ng'ombe ili asijue. Ng'ombe alijua. Alianza kuyazuia maziwa, akawa anageuza shingo kunitazama. Siku moja nilikishika kikombe cha chai mbele ya wageni, kikaniponyoka kikavunjika, na mama mkwe akasema haraka kwamba kikombe kilikuwa na mafuta. Sote tulikuwa tunaulinda ushuhuda.

Wiki mbili zilipotimia nilikuwa ninafagia sebuleni kwa mkono wa kushoto. Ile bahasha ya picha ilikuwa kwenye rafu, imegeuzwa nyuma, na maandishi ya buluu yalikuwa yananitazama. Nikayasoma kwa sauti. Kisha nikapiga moyo konde, nikaenda kumwambia mume wangu, aliyekuwa uani na mama yake, kwamba kesho ninarudi hospitalini kupigwa picha.

Mume wangu aliacha kunoa panga. "Mama watoto, hiyo mkono si ulisema iko sawa? Ulisema mbele ya watu."

"Nilisema. Na saa hii nasema inauma."

"Hii itakuwa tu kama ya ndugu yangu. Wanakuita unarudi, wanakuita tena unarudi. Hiyo mashine inakula ng'ombe."

"Ng'ombe yako sijagusa. Nina pesa ya jioni."

Hapo alirudi kunoa panga lake, kwa sababu sheria ni sheria. Mama mkwe ndiye aliyeendelea. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi, kwa mkono wa kushoto, kama afanyavyo kila kitu. Tangu niolewe nilimjua hivyo, na hata siku moja sikujiuliza.

"Mimi nilianguka kule mtoni na debe ya maji," alisema, "mkono ikafura hivi. Nani alinipiga picha? Nilifungwa na majani, nikanyamaza. Na si niko hapa?"

"Uko, Mama."

"Sasa ukienda, watu watasema nini? Si ni kama unaambia Mungu hukumwamini?"

Nitakiri kwamba neno hilo lilinipata. Nililala nalo. Kwetu mtu akishatoa shukrani hadharani, jambo limefungwa, kama mahari iliyopokelewa. Kulifungua tena ni kuaibisha kila aliyepiga vigelegele. Nilikuwa nimemimina furaha yangu mbele ya kanisa, na sasa nilitakiwa niilinde kwa mfupa wangu. Asubuhi niliamka nikiwa nimekasirika sana, hasira safi, ile inayomfanya mtu avae haraka. Nikachukua pesa za maziwa ya jioni za siku nne, maana ndivyo picha moja ilivyonigharimu ukiweka nauli na ada ya kumwona daktari. Nikaibandua ile picha dirishani, kwa kuwa mama mkwe alikuwa ameirudisha pale baada ya ibada, na utepe ukatoka na rangi ya dirisha.

Nilimkuta yule yule daktari mdogo. Alianza kuandika karatasi ya picha, nami nikaweka kiganja cha kushoto juu ya karatasi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima.

"Daktari, kabla sijalipa. Hii picha itabadilisha nini?"

Nilitarajia akasirike. Aliweka kalamu chini.

"Mama, hiyo watu hawaulizangi," alisema. "Sikia. Ikionyesha ufa, nakufunga plasta mpaka kidole gumba, ukae nayo miezi mbili ama zaidi. Isipoonyesha, na nikikufinya hapa usisikie uchungu, nakutoa hii kitu na hatuonani tena."

"Na nikikosa kupiga?"

"Hii mfupa damu yake inaingilia upande moja. Ikikaa imepasuka na wewe unakamua, upande ingine inaweza kufa. Mkono utakuwa nayo, lakini haitafinya."

Haitafinya. Niliuangalia mkono wangu juu ya meza yake. Niliwaza ng'ombe watatu, nikawaza mwenye hoteli akimpigia simu mtu mwingine amletee maziwa, nikajiona nikisimama mbele ya mume wangu kuomba pesa ya sabuni. Niliogopa kuliko siku niliyoanguka. Kisha akanifinya pale kwenye kishimo, nikapiga kelele ile ile, na wote wawili tukajua kwamba picha hii ilikuwa na kazi.

Fundi wa picha aliulaza mkono wangu kwa namna nyingine safari hii, kiganja chini, vidole vimepinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho, ili ule mfupa mdogo utoke mafichoni. Daktari alipoweka picha kwenye taa, hakuhitaji kunieleza. Katikati ya kimfupa kinacholingana na punje ya maharagwe kulikuwa na mstari. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, lakini hata mimi ambaye sijasomea kitu nilimwonyesha kwa kidole kabla hajanionyesha.

"Ulikuwa unavaa ile kitu nilikupea?" aliniuliza.

"Nilikivua kanisani."

"Halafu?"

"Halafu nikakamua."

Hakunigombeza. Alivuta pumzi, akasema tumewahi, vipande bado viko mahali pake, akaenda kutafuta maji ya plasta. Nilipokuwa ninangoja nililia kidogo. Nilikuwa na aibu na nilikuwa na furaha, na sikuweza kuzitenganisha.

Nyumbani niliingia na plasta nyeupe mpaka kwenye kidole gumba, nikasimama mlangoni makusudi waione. Mume wangu aliitazama, akatazama picha, akatazama tena plasta. Hakusema amekosea wala hakusema pole. Alichukua ndoo akaelekea zizini, na hiyo ndiyo ilikuwa pole yake. Siku za kwanza alirudi na maziwa yasiyojaza jagi. "Hii ng'ombe inanichukia," alisema. Nilimwambia aimbe. Alikataa wiki nzima, kisha siku moja nikamsikia kutoka jikoni akinguruma wimbo wa mazishi, kwa kuwa ndio pekee anaoujua mpaka mwisho, na ng'ombe akaachilia. Jioni alikuwa akipeleka maziwa hotelini yeye mwenyewe na kuniletea pesa bila kuzihesabu. Alikuwa akiziweka mezani akiangalia pembeni.

Habari zilifika kanisani kabla yangu. Mchungaji alinitembelea, akanywa chai, akazunguka maneno kama kawaida yake, kisha akafika.

"Mama, watu wanauliza. Ushuhuda ilitolewa."

"Ilitolewa na mimi, Mchungaji. Nitairekebisha mimi."

"Shida ni kwamba wengine wataona kama hospitali imesahihisha Mungu."

"Mungu hakuniambia sijavunjika," nilimjibu. "Mimi ndiye nilisema, nikaweka jina yake chini. Daktari aliniandikia nirudi. Kama kuna mtu hakusikia, ni mimi na nyinyi mlinipigia amina."

Alimaliza chai yake. Si mtu mbaya. Alisema nikiwa tayari nitapewa nafasi, lakini niwe mfupi.

Kitu kingine kilitokea ambacho ninajivunia hata zaidi. Wiki mbili baada ya kufungwa nilirudi kuangaliwa plasta. Yule daktari hakuwepo siku hiyo; kulikuwa na mwanamume mwenye haraka, na kabla sijaketi vizuri alikuwa ameshaandika picha. Nikamuuliza lile swali langu. Akasema ni kawaida tu, kila anayerudi hupigwa. Nikamwambia kawaida si jibu, nilishawahi kuona kawaida ikila mtamba mzima. Plasta haijalegea, vidole havijafa ganzi, uchungu umepungua, na mfupa hauwezi kuwa umeunga kwa siku hizo. Sasa ataona nini leo ambacho kitamfanya afanye jambo jingine? Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Kisha akacheka, akaikata ile karatasi kwa mstari, akasema, "Haki, Mama, hakuna. Enda ukuje siku ya kutoa plasta, hiyo ndio ya maana." Nilirudi nyumbani na pesa yangu mfukoni, nikanunua sukari na ndizi, na nikala ndizi mbili njiani.

Siku ya kutoa plasta nilipigwa, na hiyo nililipa bila neno, kwa sababu nilijua inauliza nini. Mfupa ulikuwa umeunga. Mkono ulitoka mwembamba, wenye ngozi ya kubanduka, unanuka. Jioni ile ile nilienda zizini kuwasalimu ng'ombe wangu, ingawa niliambiwa nisubiri kabla ya kukamua, na safari hii nilisubiri.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya dirisha la mashariki na picha mbili. Niliishika ya kwanza kwa mkono wa kushoto na ya pili kwa wa kulia. Nikawaambia: hii ni siku niliyowaambia kwamba sijavunjika, na hii ni mkono ule ule wiki mbili baadaye, tazameni hapa katikati. Niliwaambia kwamba nilivua kifungio ili nipendeze, na kwamba pesa yao ya picha niliirudisha kwa kiburi nikaiita shukrani. Niliwaambia kwamba shemeji yangu alipigwa picha zisizo na kazi, mimi nikakaribia kuikosa iliyokuwa na kazi, na sote katika nyumba ile tulikuwa na ugonjwa mmoja wa kutouliza. Sikuwa mfupi. Hakukuwa na vigelegele. Mtu mmoja nyuma alisema amina, akanyamaza alipoona yuko peke yake. Nilikwenda kuketi nikiwa nimeinua kichwa.

Mama mkwe alitembea mbele yangu njia nzima. Alasiri nilimkuta uani na mahindi yake. Nikaketi kando kumsaidia.

"Hiyo daktari yako," alisema bila kuinua macho, "anaweza ona kitu ya zamani?"

"Ya zamani namna gani, Mama?"

Akaupumzisha mkono wake wa kulia juu ya paja langu. Kifundo kilikuwa kinene, kimekakamaa, na chini ya kidole gumba nyama ilikuwa imeisha. Nimekula chakula na mwanamke huyu kwa miaka mingi na nilikuwa sijawahi kuutazama.

Na mimi, mjuaji mpya, mwenye swali langu zuri, nikamuuliza: "Lakini Mama, picha itabadilisha nini saa hii?"

Alichukua punje chache akazichezesha kwenye kiganja cha kushoto.

"Mzee wangu aliniita mvivu mpaka akaenda kaburini," alisema. "Aliambia ndugu zake. Aliambia watoto. Maziwa ya jioni akachukua, akasema mwanamke hawezi maliza kukamua hana haki nayo. Hata mimi nikaamini. Nataka tu kujua kama nilikuwa mvivu ama nilikuwa nimevunjika."

Nilimaliza gunzi lililokuwa mkononi mwangu, nikaenda kuhesabu pesa za maziwa ya jioni.

Daktari mdogo alimwangalia, akauzungusha ule mkono taratibu, akaniita pembeni. Alisema kwa umri ule hakuna upasuaji atakaoshauri, na dawa ya maumivu ni ile ile, picha iwepo isiwepo. Alikuwa ananirudishia swali langu mwenyewe, kwa heshima. Nikamwambia ninajua, ninalipa mimi, aandike. Akaandika. Picha ilipowekwa kwenye taa, kile kimfupa kilikuwa vipande viwili, kila kimoja na kingo zake laini, vimekaa hivyo tangu mume wangu akiwa mtoto. Mama mkwe aliomba aonyeshwe kwa kidole. Akaonyeshwa. Akaomba aonyeshwe tena.

Alibeba bahasha mwenyewe mpaka nyumbani. Alitafuta utepe, akaibandika picha kwenye dirisha la sebuleni, pale pale rangi ilipokuwa imetoka. Mwanawe alipoingia kutoka shambani alimwita.

"Kuja usome mkono ya mama yako."

Mume wangu alisema hajui kusoma vitu kama hivyo. Nilimshika mkono, nikamsogeza karibu na kioo, nikamwonyesha kipande cha kwanza na kipande cha pili. Alivua kofia. Yeye alikuwa mmoja wa wale watoto walioambiwa.

Jioni alichukua ndoo kabla yangu, akakamua, akapeleka maziwa hotelini. Aliporudi alininyooshea pesa kama alivyozoea. Sikuzipokea. Nilimwelekeza kwa kidevu kwa mama yake, aliyekuwa ameketi chini ya lile dirisha, nikamwambia aziweke kwenye mkono wa kulia.